Siyo simu nyekundu: maana ya njia za mawasiliano za kupunguza hatari za nyuklia

Mataifa mawili yenye silaha za nyuklia yakikaribia kushikana mashati, hakosekani mchambuzi wa kutuambia kwamba "simu nyekundu" italia na marais watayamaliza wenyewe. Mkutano wao ukiahirishwa, mchambuzi huyohuyo hutangaza kwamba njia zote za mawasiliano zimefungwa. Nimelisikia hili mara nyingi mno.

Kwa kifupi: njia hizi ni mitambo, ofisi na kanuni ambazo serikali hukubaliana mapema ili kila upande uweze kumfikishia mwenzake ujumbe wa kuaminika, kwa haraka, hata wakiwa hawaelewani. Shabaha yake ni kuzuia vita ya nyuklia inayoweza kuanza kwa ajali, kwa kutoelewana au kwa hesabu mbovu. Maana ni hiyo tu.

Tuanze na hiyo simu. Laini mashuhuri kati ya Washington na Moscow haijawahi kuwa simu. Katika mgogoro wa makombora ya nyuklia ambayo Wasovieti waliyaweka Cuba, Oktoba 1962, ujumbe kati ya Rais Kennedy wa Marekani na Khrushchev, kiongozi wa Muungano wa Kisovieti, ulichukua saa nyingi kutumwa, kufumbuliwa na kutafsiriwa. Tarehe 28 jibu la Khrushchev lilisomwa Redio Moscow ili liwahi. Makubaliano ya kuweka laini ya moja kwa moja yalitiwa saini Geneva tarehe 20 Juni 1963, na tarehe 30 Agosti laini ikaanza kazi: mashine za teleprinta, yaani za kutuma na kuchapa maandishi, kwa waya uliopita London, Copenhagen, Stockholm na Helsinki, na redio ya akiba kupitia Tangier. Upande wa Marekani mashine ziliwekwa Pentagon, makao ya Wizara ya Ulinzi, wala si mezani kwa rais. Kila upande huandika kwa lugha yake, na mpokeaji ndiye anayetafsiri. Maandishi yalichaguliwa makusudi. Mkalimani wa papo kwa papo anaweza kuteleza, na kiongozi aliyekasirika akijibu kwa mdomo hana pa kufuta. Juni 1967, wakati wa Vita vya Siku Sita kati ya Israeli na majirani zake wa Kiarabu, Rais Johnson wa Marekani aliitumia laini hiyo kumweleza Kosygin, waziri mkuu wa Kisovieti, kwamba ndege za kivita za Marekani zilizokuwa zikiruka zinaelekea kwenye meli yao iliyoshambuliwa, Liberty, wala haziingii vitani. Baadaye zikaja setilaiti, faksi, kisha barua pepe.

Sasa tofauti inayonikera ikisahauliwa. Laini ya viongozi ni ya siku mbaya. Kazi ya kila siku hufanywa na chombo kingine kabisa, ambacho hakitajwi: Vituo vya Kupunguza Hatari za Nyuklia. Mawaziri wa mambo ya nje, Shultz wa Marekani na Shevardnadze wa Muungano wa Kisovieti, walitia saini makubaliano yake tarehe 15 Septemba 1987, na vituo vikafunguliwa tarehe 1 Aprili 1988, kimoja katika Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani, kingine katika Wizara ya Ulinzi mjini Moscow. Humo hakuna rais anayeongea na rais. Kuna maofisa wa zamu, usiku na mchana, wanaotuma na kupokea taarifa zenye muundo maalumu. Kwa makubaliano ya 31 Mei 1988, anayetaka kurusha kombora la balistiki (linalorushwa juu kisha kuanguka kwenye shabaha) la masafa marefu, la nchi kavu au la nyambizi, humwarifu mwenzake angalau saa 24 kabla: tarehe, eneo la kurushia, eneo la kuangukia. Ni karatasi za kuchosha, na nadhani ndiyo sababu hazipati nafasi redioni.

Lakini tazama kinachotokea karatasi ikipotea. Tarehe 25 Januari 1995 Norway ilirusha roketi ya utafiti kutoka Andøya. Urusi ilikuwa imearifiwa wiki kadhaa kabla, ila taarifa haikuwafikia waliokuwa kwenye rada. Wao waliona kitu kinachofanana na kombora la nyambizi, na mkoba wa Rais Yeltsin wa Urusi, wa kuidhinishia mashambulizi ya nyuklia, ukawashwa. Ujumbe kufika Moscow haukutosha. Njia huhesabika kuwa njia pale tu inapomfikia anayetazama kioo cha rada.

India na Pakistan nao hupachikwa jina la simu nyekundu. Wana laini ya majenerali wao wa operesheni, makubaliano ya 2005 ya kuarifiana majaribio ya makombora ya balistiki, na desturi ya kubadilishana orodha za vituo vya nyuklia kila tarehe 1 Januari tangu 1992, desturi iliyoendelea hata baada ya uhusiano wao kuvurugika mwaka 2019. Hata hivyo, tarehe 9 Machi 2022 kombora la India liliporuka kwa bahati mbaya likaangukia Pakistan, India ilitoa maelezo hadharani baada ya siku mbili, na Pakistan ikalalamika kwamba haikuarifiwa mara moja. Laini ilikuwepo. Makubaliano ya 2005, yanayohusu majaribio ya makombora ya balistiki, hayakugusa ajali ya namna hiyo.

Basi, jamani, tusiseme njia imefungwa kwa kuwa viongozi wamenuniana. Februari 2023 Urusi ilisimamisha ushiriki wake katika New START, mkataba uliokuwa ukiwekea ukomo silaha za nyuklia za masafa marefu za Urusi na Marekani, lakini ikasema itaendelea kutoa taarifa za makombora kwa mujibu wa makubaliano ya 1988. Usahihi wa wakati ule ulikuwa kusema kwamba ushiriki ulisimamishwa, na taarifa za urushaji zikabaki pale pale.