Maana ya Ukusanyaji wa Makopo ya Kale ya Bia

Ukusanyaji wa makopo ya bia ni shughuli ya burudani ambamo mtu hutafuta, husafisha na kuhifadhi makopo yaliyowahi kutiwa bia, hasa yale ambayo viwanda vyake vimekwisha kufungwa. Shughuli hii imekita mizizi zaidi Marekani, ambako chama cha wakusanyaji kiliundwa mwaka 1970 katika eneo la St. Louis, Missouri. Wapo wanaoidhania kuwa ni ya walevi. Hasha, kinachotafutwa ni kopo, si kilichokuwamo.

Bia ya kopo ilianza kuuzwa tarehe 24 Januari 1935 mjini Richmond, Virginia, na kampuni ya Krueger ya Newark, New Jersey. Kikwazo cha awali kilikuwa kwamba bia ikigusana na chuma huharibika ladha, mpaka American Can Company ilipobuni utando wa kupaka ndani ya kopo. Makopo hayo yalikuwa ya chuma kizito yenye mfuniko bapa, na mengi yalichapishwa ubavuni maelekezo ya namna ya kuyafungua, kwa kuwa wateja hawakuwa wamezoea kitu kama hicho. Mwaka huohuo yalitokea pia makopo yenye kichwa cha koni, yaliyozibwa kwa kizibo cha chupa, ambayo viwanda vidogo viliyapenda kwa sababu yaliweza kujazwa kwa mitambo ya chupa.

Utamu wa shughuli hii, kwa maoni yangu, ni kujua kulisoma kopo. Matundu mawili ya pembetatu juu ya mfuniko huonyesha kwamba lilitobolewa kwa kifungulio cha mkono. Kishikio cha kuvuta na kung'oa, kilichobuniwa na Ermal Fraze wa Ohio, kilianza kutumika kwenye bia ya Iron City ya Pittsburgh mwaka 1962. Kishikio kinachobaki kwenye kopo kilifuata mwaka 1975. Maneno ya kuthibitisha kwamba kodi ya serikali kuu imelipwa, yakionekana ubavuni, huashiria kopo la kabla ya katikati ya mwaka 1950 au karibu na hapo. Wanaakiolojia nao hutumia dalili hizohizo kukadiria umri wa kambi na majalala.

Watafutaji hupekua majalala ya zamani ya mashambani, kando za reli na hata ndani ya kuta za nyumba, ambamo mafundi waliacha makopo waliyoyamaliza kazini. Adui mkubwa ni kutu: kopo moja huweza kuwa limeliwa kabisa upande ulioshika unyevu, ilhali upande wa pili rangi na maandishi bado yanasomeka. Wengi huyaloweka katika maji yenye asidi ya oksaliki, ambayo huondoa kutu na kuacha rangi, ingawa ni sumu inayohitaji glavu na uangalizi wa karibu.

Thamani hutokana na uchache na hali ya kopo, wala si sifa zake mitaani. Billy Beer, iliyotolewa mwaka 1977 kwa jina la Billy Carter, ndugu wa Rais Jimmy Carter, ilifichwa na watu wengi waliotumaini utajiri. Kwa kuwa makopo yake yamesalia kwa wingi, bei yake imebaki ndogo.