Kulea chura Tabora: kiluwiluwi anapoota miguu ya mbele

Mvua za Novemba zikishanyesha Tabora, madimbwi hujaa viluwiluwi wa chura, na watoto huwabeba nyumbani kwenye makopo. Kabla ya kuwachukua, muulizeni ofisa wanyamapori wa wilaya kuhusu kibali.

Beseni pana ni bora kuliko ndoo, kwa sababu hewa huingia majini kupitia juu. Kila kiluwiluwi apate lita moja. Maji ya mvua yanafaa. Ya bomba yalale wazi saa 24 ili klorini itoke, maana huunguza matamvua. Chakula ni mchicha uliochemshwa ukalainika, kipande cha ukubwa wa kucha kwa viluwiluwi watano, na masalia yaondolewe jioni. Msiwape ugali. Unachacha, maji yanaishiwa oksijeni, na asubuhi mnaweza kukuta wote wamekufa. Theluthi moja ya maji ibadilishwe kila baada ya siku mbili. Funikeni beseni kwa kipande cha chandarua, la sivyo mbu watazaliana humo.

Miguu ya nyuma hutangulia. Ya mbele ikichomoza, ndipo wengi hufa. Mapafu yameshachukua kazi ya matamvua, na mdomo wa kukwangua unageuka kuwa wa kunasa wadudu. Siku hizo hali chochote; mwili unaunyonya mkia, kwa hiyo msimlazimishe kula. Anachotaka ni pa kutokea. Ukuta wa plastiki unateleza: anaparamia, anaporomoka, anachoka, anazama. Inamisheni beseni maji yabaki upande mmoja, kina cha sentimita tatu, na upande mkavu egemezeni tofali la kuchoma lililozama nusu.

Mkia ukiisha, chura mdogo hula kila siku, na hula kinachotembea tu. Embe lililooza, ambalo msimu huu halikosekani, huvuta vijinzi vya matunda. Mchwa wadogo pia wanafaa. Mdudu asizidi upana kati ya macho yake mawili.

Chura mkubwa mmoja atoshewe na kasha la sentimita 60 kwa 40, lenye udongo usio na mbolea wa sentimita 10, sahani ya maji ya kina kifupi na mfuniko wa wavu. Apewe panzi na nyenje kila baada ya siku mbili au tatu. Mara mbili kwa wiki wadudu wapakwe unga laini wa maganda ya mayai yaliyochemshwa, kwani madini ya kalsiamu yakipungua mifupa hupinda. Wadudu wa nyumba iliyopuliziwa dawa ni sumu kwake. Kiangazi udongo unyunyiziwe maji kila jioni: chura hunywa kwa ngozi.

Kwa sababu hiyohiyo, msimshike kwa mikono yenye sabuni au mafuta. Ilowesheni maji safi kwanza, na mkimaliza naweni kwa sabuni. Msimwachilie kwenye bwawa lililo mbali na alikotoka, kwani kuvu ya ngozi husafiri naye.