Je, wajua kwa nini okidi, mmea wa maua ya mapambo, huoza kwenye udongo lakini hustawi juu ya maji?

Panda okidi kwenye udongo mweusi wenye samadi, uimwagilie kila siku kama mchicha. Haitachukua muda mizizi italainika na kuwa ya kahawia. Ukiuvuta mmoja, ganda linachomoka na kukuachia uzi mwembamba mkononi. Okidi hiyohiyo ikipandwa kwenye kokoto nyepesi za udongo wa kuchoma, huku chini ya chungu kuna maji siku zote, inachipua. Inakuwaje?

Kinachoiua ni kukosa hewa. Okidi nyingi za madukani, hasa Phalaenopsis kutoka Asia, kwa asili huota juu ya miti. Hata kwetu ipo Ansellia africana, yenye maua ya manjano na madoa kama ya chui, inayokaa kwenye matawi ya miti bila kuunyonya mti wenyewe. Mizizi ya okidi hizi imezoea kupigwa na upepo. Imevikwa tabaka la seli zilizokufa, liitwalo velameni, ambalo hunywa mvua upesi. Mwagia maji mzizi mkavu uutazame: rangi ya kijivu inageuka kijani hapohapo. Ila seli hai zilizo ndani zinahitaji oksijeni, na oksijeni hupenya kwenye maji polepole mara 10,000 hivi kuliko hewani. Udongo uliolowa chepechepe huziba kila upenyo.

Kokoto zinatatua hilo. Chungu hutobolewa matundu pembeni, sentimita 2 au 3 kutoka chini. Maji yakizidi yanatoka, yanayobaki ndiyo akiba. Yanapanda kidogo kidogo kupitia vinyweleo vya kokoto, moja hadi nyingine, huku nafasi kati yake zikibaki na hewa. (Sahani ya maji ya wazi chini ya chungu achana nayo, hayo ni mazalia ya mbu.)

Wengi hukwama wakati wa kuhamisha. Mzizi uliokulia pakavu haubadiliki kuwa wa majini. Mara nyingi hufa, na mipya ndiyo inayochukua nafasi yake. Kwa hiyo subiri maua yaishe na ncha changa za mizizi zianze kutokeza. Osha kokoto, ondoa mizizi iliyooza, kisha vumilia majani yakilegea kwa muda.

Kokoto hazina chakula, hivyo mbolea ni lazima, lakini robo ya kipimo cha kwenye pakiti inatosha. Ukiona ukoko mweupe juu, hiyo ni chumvi: mwaga akiba yote, suuza kwa maji matupu. Mwenye kisima cha maji ya chumvichumvi afadhali akinge ya mvua.

Okidi za ardhini, kama zile za nyanda za Kitulo kusini mwa Tanzania, usizijaribu hivi. Nyingi zina viazi chini vinavyopumzika majira ya kiangazi, na maji ya kudumu yataviozesha.