Video ya Simu Inapofika Mahakamani

Filamu ya Fruitvale Station ya mwaka 2013, iliyoongozwa na Ryan Coogler, haianzi na waigizaji. Inaanza na video halisi iliyopigwa na abiria kwa simu katika kituo cha treni mjini Oakland, Marekani, mwendo wa saa nane usiku, Januari 1, 2009. Picha inatikisika. Vijana wameketishwa ukutani, askari wamewasimamia, watu wanapiga kelele, kisha mlio wa risasi. Aliyepigwa ni Oscar Grant, miaka 22.

Kisha tunarudishwa nyuma kwenye siku yake ya mwisho: ananunua kaa wa kupikia sherehe ya kuzaliwa kwa mama yake, anambembeleza binti yake. Sehemu hiyo inaumiza, na ndivyo inavyostahili. Ila kesi yenyewe imeachiwa maandishi machache mwishoni, na kwetu sisi tunaofundisha masuala ya ushahidi, hapo ndipo penye somo.

Askari aliyefyatua alisema alidhani amechomoa bunduki ya umeme, ile inayopiga mtu shoti badala ya risasi. Kumbe hiyo ilikuwa upande wake wa kushoto, na bastola kulia. Upande wa mashtaka ulionyesha kwenye video jinsi mkono wake ulivyohangaika kuchomoa bastola. Utetezi ukaonyesha video zilezile: baada ya mlio, askari anajishika kichwa kama mtu aliyeduwaa. Julai 2010, baraza la wazee wa mahakama jijini Los Angeles halikumtia hatiani kwa mauaji ya kukusudia, bali kwa kuua bila kukusudia. Alihukumiwa miaka 2, akatoka Juni 2011.

Kwa hiyo usidhani video itajieleza yenyewe. Hata hivyo, bila video zile kesi ingebaki neno la askari dhidi ya marafiki wa marehemu, maana treni iliondoka na mashahidi wengi ndani yake, simu mfukoni.

Ukirekodi tukio kama hilo, simama mbali kwa usalama wako. Usikate video, usiongeze muziki. Usitegemee iliyopita WhatsApp, hupunguzwa ubora. Tunza faili la kwanza kwenye simu ileile, kwani nchini Kenya kifungu cha 106B cha Sheria ya Ushahidi kinataka hati inayoeleza ushahidi wa kielektroniki ulivyopatikana na kifaa kilichotumika. Ukiikabidhi kwa wapelelezi, wawe wa polisi au wa IPOA, mamlaka huru ya Kenya inayosimamia utendaji wa polisi, omba waandike mbele yako tarehe, aina ya simu na jina la aliyeipokea, nawe ubaki na nakala.