Mshauri wa ndoa wa kwenye simu si hakimu

Miezi hii giche yetu, dirisha la kupokea watu hapa Lubumbashi, inapokea watu wanaonyoosha simu kabla hata ya kusalimu. Ndani yake kuna mazungumzo na mshauri wa ndoa, yamepigwa picha ukurasa kwa ukurasa, na ombi ni lilelile: "Chefu, mshauri amesema hatufai kuishi pamoja. Utupigie muhuri wa talaka." Muhuri huo hatuna, na hakuna mshauri duniani, awe kwenye simu au kwenye kiti, anayeweza kuuagiza.

Ushauri wenyewe hatuupingi. Kwa ndoa nyingi za hapa hakuna njia nyingine. Baba yuko mgodini Kolwezi, karibu kilomita 300 kwa barabara. Mama yuko hapa mjini, Katuba, na watoto na meza yake ya sokoni. Wakingoja mchungaji, au pareni na mareni (wasimamizi) wa ndoa yao, awakute wote wawili sebuleni, watangoja mpaka Noeli. Kwa simu wanakutana watatu, kila mmoja pale alipo, kwa dakika kama 50. Nunueni mega za intaneti za kutosha, na mjue siku za umeme mtaani kwenu. Mkipanga na mshauri wa Kinshasa, kumbukeni kwamba sisi tuko mbele yao kwa saa moja: saa 19:00 yake ni saa 20:00 yenu. Watu wanaikosa miadi, kisha wanakuja kwetu kulalamika kwamba wameibiwa pesa.

Shida ya kwanza ni mahali pa kuongelea. Mama mmoja alituambia jinsi alivyoegemeza simu kwenye kopo la maziwa ya unga, mezani, mlango wazi kwa sababu ya joto. Alipofika kwenye neno lililomleta, mama mkwe aliingia kwenye picha, akamsalimia mshauri kwa heshima zote, akavuta kiti, akaketi. Kumfukuza hawezi. Wiki iliyofuata aliongelea ndani ya gari la jirani lililoegeshwa uani. Tunaona alifanya vizuri. Mshauri makini atakuuliza kila mara uko wapi, nani yuko karibu, na nani apigiwe kukitokea hatari. Si umbea, ni sehemu ya kazi yake. Asipouliza, muulize wewe kwa nini.

Siri inahitaji maelezo zaidi, maana hapa wengi wanachanganya. Kifungu cha 73 cha kanuni ya adhabu kinamwadhibu mtu anayefichua siri aliyopewa kwa sababu ya kazi yake: kifungo cha mwezi 1 mpaka miezi 6, na faini, au kimoja kati ya hivyo viwili. Hakimhusu anapoitwa mahakamani kutoa ushahidi, wala pale sheria yenyewe inapomlazimisha kusema. Lakini kifungu kinamfunga mshauri. Shemeji anayesikiliza nyuma ya pazia hakimfungi. Tena kuna siri ya ndani ya ndoa: ukimwandikia mshauri peke yako kuhusu jambo ambalo mwenzako halijui, atalificha au atakutaka uliseme mbele ya wote? Washauri hawafanani katika hili. Wengine hawabebi siri ya mmoja hata kidogo. Ulizeni siku ya kwanza, kabla ya kufungua roho.

Na kampuni yenye programu je? Mwaka 2023 tume ya biashara ya serikali kuu ya Marekani iliibana kampuni kubwa ya ushauri wa mtandaoni ikubali kulipa dola milioni 7.8, baada ya kuishtaki kwamba ilipeleka habari za wateja kwa makampuni ya matangazo. Kwetu, Kodi ya Numeriki (si ushuru, ni sheria ya mambo ya kidijitali) ya tarehe 13 Machi 2023 inalinda habari za mtu binafsi na kudai idhini yake. Basi someni mnachokubali kabla ya kubonyeza.

Kwa wenye ndugu ng'ambo: Marekani, mshauri wa ndoa na familia hufanya kazi kwa leseni ya jimbo. California ilitangulia, mwaka 1963. Leseni ya jimbo moja kwa kawaida haimruhusu kumhudumia mtu aliye jimbo jingine, sembuse hapa kwetu Kampemba. Mshauri wa shemeji yenu huko Dallas akikataa kuwapokea, hajawadharau.

Sasa talaka, maana ndiyo inayojaza giche. Anayeitaka anapeleka ombi, kwa mdomo au kwa maandishi, kwa rais wa Tribinali ya Amani. Hakimu anajaribu kwanza kuwapatanisha. Hatua hiyo hairukwi. Kisha anatazama kama muungano umeharibika kiasi cha kutotengenezeka. Anayepima hilo ni yeye. Mshauri wenu hapimi, kakenu hapimi, na anayerudisha mahari hapimi. Kurudisha mahari hakuvunji ndoa iliyoandikwa etasivili, ofisi ya serikali ya kuandikisha ndoa. Tumelisema hili mara ngapi?

Wengine wanauliza kama mke anahitaji ruhusa ya mume ili azungumze na mshauri. Hapana. Hata ile ruhusa ya mume katika matendo ya kisheria ilifutwa na sheria namba 16/008 ya tarehe 15 Julai 2016.

Jambo moja halina mzaha. Kama nyumbani kuna kupigwa au kutishwa, msikae wawili mbele ya kamera moja. Mwenye kuogopa hatasema ukweli huku mwenzake anamtazama, na akisema, ataulipia simu ikizimwa. Ndiyo maana mshauri mzuri huomba kumsikia kila mmoja peke yake mwanzoni. Mume akikataa hilo, mshauri ameshapata habari muhimu. Aliyepigwa aende hospitali kwanza na adai karatasi ya daktari, kisha polisi au parke (ofisi ya mwendesha mashtaka). Asingoje miadi ya Alhamisi.

Wanaokuja kwetu kuuliza njia ya tribinali walete akti ya ndoa, karata ya mchaguzi (kadi ya mpiga kura) na vyeti vya kuzaliwa vya watoto. Picha za mazungumzo na mshauri zibaki nyumbani, hatutazisoma.