Je, wajua ni lini wasiwasi wa kawaida huwa ugonjwa?

Mzazi ambaye hajakamilisha ada na shule zinafunguliwa Jumatatu hukosa usingizi, na hakuna daktari atakayemwita mgonjwa kwa hilo. Wasiwasi wake una sababu, unamsukuma atafute fedha, na siku akishalipa hulala. Kwa mwenye ugonjwa wa wasiwasi wa jumla, risiti ya benki haimalizi kitu: kabla hajafika nyumbani ameshaanza kuwaza ajali ya basi la shule, kisha presha ya mama yake, kisha kazi ambayo hakuna aliyemwambia kuwa ataipoteza.

Kwa hiyo kinachohofiwa hakitofautishi sana hali hizi mbili, maana sote huhofia mambo yaleyale. Kinachotofautisha ni mwenendo wa hofu yenyewe. Mwongozo wa magonjwa ya akili unaotumiwa Marekani, ambao ulipoutaja ugonjwa huu mwaka 1980 uliridhika na mwezi 1 wa dalili, leo unataka wasiwasi uliopita kiasi, wa mambo kadhaa na mgumu kuuzuia, uwepo siku nyingi kuliko usipokuwepo kwa muda usiopungua miezi 6. Mtu mzima awe pia na dalili 3 au zaidi kati ya hizi 6: kutotulia, kuchoka upesi, kushindwa kumakinika, hasira za karibu, misuli kukaza na usingizi wa taabu, tena hali hiyo iwe inamtesa au inamvurugia maisha.

Dalili za mwili ndizo zinazopoteza wengi njia, kwani mtu hufika zahanati akilalamikia shingo, mabega au tumbo, wala wasiwasi hautaji. Daktari makini naye huangalia kwanza tezi ya shingoni, ambayo ikizidisha kazi huleta moyo kwenda mbio na mikono kutetemeka.

Mbona basi mtu haachi tu kuwaza? Nadhani swali hili ndilo linalowaumiza zaidi wagonjwa, hasa likitoka kwa ndugu. Kuwaza humpa mtu hisia kwamba anajikinga, na kwa kuwa mengi anayoyaogopa hayatokei, akili huona kinga imefanya kazi. Tiba ya mazungumzo inayofundisha kuzipima fikra na kubadili mazoea huivunja imani hiyo hatua kwa hatua. Zipo pia dawa, nyingi zikiwa zilezile zinazotibu sonona, ambazo huchukua wiki kadhaa kuleta nafuu. Vidonge vya kutuliza kama diazepamu hufanya kazi haraka, lakini vikitumiwa kwa muda mrefu huleta utegemezi.