Pangaboi, Kikaango na Dirisha: Kumfuga Ndege Asiyekatwa Mbawa

Wanaofuga kasuku wadogo hapa Mwanza hutuuliza: nimkate mbawa, yaani manyoya yake ya kurukia, au nimwache? Mimi kama daktari wa mifugo nasema mwache, ila nyumba uitengeneze kwanza. Ndege anayeruka hujenga misuli ya kifua, hanenepi hovyo, na akishtuka ana pa kukimbilia. Aliyekatwa akijirusha kutoka juu ya kabati huangukia kifua, na mfupa wa pale huweza kupasuka. Isitoshe, kukata hakumzuii kutoroka. Manyoya huota upya kimyakimya, na upepo wa alasiri kutoka ziwani ukimkuta barazani humbeba hivyo hivyo.

Adui wa kwanza ni pangaboi. Kwa joto letu mtu huliwasha akiingia tu, hata hakumbuki. Ndege akiwa nje ya tundu, pangaboi lizimwe, na swichi yake ibandikwe karatasi ili mgeni asiiguse.

Dirisha lina mitego miwili. Wavu wa mbu wa plastiki kasuku huutafuna kwa siku chache, kwa hiyo weka wa waya. Kioo nacho ndege hakioni. Hukidhani ni anga na kukivamia kwa kasi. Siku za mwanzo shusha mapazia, kisha mchukue kidoleni mpaka dirishani akigongegonge kwa mdomo, dirisha moja baada ya jingine. Mlango wa nje usifunguliwe kabla hajarudi tunduni. Waambieni watoto, maana wao ndio hutoka mbio.

Jikoni asiingie kabisa. Ndege ana vifuko vya hewa vilivyounganishwa na mapafu, na pumzi yake huvuta hewa kwa ufanisi kuliko yetu. Sumu nayo huivuta vivyo hivyo. Kikaango kisichoshika chakula kikiungua juu ya moto hutoa mvuke ambao wewe huenda usiusikie, lakini ndege hufa kwa dakika chache, hata akiwa chumba cha pili. Binafsi, kwenye nyumba ya ndege ningebaki na sufuria za kawaida. Moshi wa jiko la mkaa, dawa ya mbu ya kupuliza na ile ya kuchoma humdhuru pia. Yako pia mafuta ya kukaangia dagaa, na ndoo za maji tunazojaza kwa hofu ya mgao: zifunike, kwani akitumbukia hapandi tena. Parachichi usimpe hata kipande.

Mfundishe kuja anapoitwa. Tumia neno moja au mluzi mmoja, na punje za ulezi mkononi, kabla hajashiba. Anza kwa hatua moja, ongeza polepole hadi avuke sebule nzima. Dakika tano asubuhi na tano jioni zinatosha, na akichoka mwache.

Jambo moja la pembeni. Kasuku wale wadogo wa kijani wenye uso wa rangi ya chungwa na mdomo mwekundu ni wenyeji wa kaskazini mwa Tanzania, kusini mwa ziwa hili. Kumkamata porini bila kibali ni kosa kwa Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya 2009. Anayekuuzia ndani ya boksi la viatu, mwombe karatasi kwanza.

Usimtoe nje akiwa begani, hata kama mmezoeana. Mwewe wanaozunguka juu ya soko la samaki la Mwaloni kutafuta mabaki ya samaki hawabagui.

Akikuponyoka, usimfukuze wala kumrushia kitu. Mfuate kwa macho mpaka atue. Mara nyingi hukaa juu ya mti au jabali, hajui namna ya kushuka. Weka tundu lake mahali anapoliona, na chakula anachokipenda, kisha umwite kwa mluzi ule ule. Giza likiingia bado yuko juu, hapo ndipo atakapolala. Rudi palepale kabla ya jua kuchomoza, usubiri aanze kulia kwa njaa.